Ukumbi wangu wa sinema Tanga haujai: nishushe bei ya tiketi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 34, na kwa miezi 7 sasa ninaendesha ukumbi mdogo wa sinema hapa mjini, hatua chache kutoka Ngamiani. Jengo lenyewe lilikuwa ghala la familia ambalo lilikaa bila kazi kwa miaka mingi. Mimi na mdogo wangu tulilisafisha, tukaliezeka upya, tukaweka viti 140, projekta nzuri, spika, viyoyozi viwili na jenereta ya akiba, kwa fedha ambazo sehemu kubwa tulikopeshwa na mjomba wetu. Vibali tunavyo, na filamu tunazipata kwa mkataba kutoka kwa wasambazaji, si za kuchoma.

Mwezi wa kwanza watu walikuja kwa wingi, wengine wakipiga picha mlangoni kana kwamba ni harusi. Mwezi wa tatu nikaanza kuziona safu za nyuma zikiwa tupu. Sasa hata Ijumaa, siku niliyoitegemea kuliko zote, hali ni mbaya, kwani wiki iliyopita nilihesabu watu 23 tu waliolipa kiingilio cha shilingi 7,000. Onyesho letu la kila siku huanza saa 1:00 usiku, na Jumamosi na Jumapili tunaongeza la pili saa 3:30 usiku.

Shangazi, sijakaa kimya. Nimechapisha mabango 200 na kuyabandika kuanzia stendi ya Kange hadi Raskazone, nimekodi gari la matangazo kwa siku tatu, na nimemlipa kijana mmoja mwenye wafuasi wengi mtandaoni aje apigwe picha akiwa na ndoo ya bisi mkononi. Ukurasa wetu una wafuasi zaidi ya 4,000. Wanazipenda picha, wanaandika "hongera sana", lakini hawaji.

Mdogo wangu anasema tushushe tiketi iwe shilingi 2,000, na ikishindikana tuonyeshe mpira kama vibanda umiza, kwa kutumia king'amuzi cha nyumbani. Mjomba yeye anasema sinema ilikufa zamani, kwamba mtu mwenye simu na bando hana sababu ya kutoka kwake, na kila tukikutana ananikumbusha deni. Nishike lipi? Nimeambatanisha picha ya bango letu la wiki hii ili uone kwamba kazi tunaifanya.

Ni mimi,
Mwenye Ukumbi, Tanga

*

Mwanangu, marahaba, na hongera kwa kulitoa ghala hilo mikononi mwa popo.

Nimelitazama bango lako kwa muda mrefu kuliko nilivyoisoma barua yako, na nadhani jibu la sehemu kubwa ya maswali yako limo humo. Nusu yote ya juu imechukuliwa na mwanamume aliyeshika bastola, na moto unawaka nyuma yake. Chini yake kuna jina la filamu kwa maandishi mekundu juu ya rangi nyeusi, rangi ambazo jua la Tanga huzifanya kuwa moja baada ya wiki mbili. Neno "Usikose" limeandikwa mara tatu. Bei imewekwa pembeni, kwa herufi ndogo kuliko namba ya simu ya aliyechapisha bango. Saa ya kuanza ipo, lakini saa ya kutoka haipo.

Mama wa Makorora mwenye watoto watatu, anapopita mbele ya bango hilo na kapu lake la sokoni, hahitaji kuombwa asikose. Anajiuliza kama atakuwa amerudi nyumbani kabla ya mume wake hajauliza chakula, kama mahali penyewe ni pa watu wa heshima, kama atapata bajaji ya kumrudisha, na kama filamu hiyo ina mambo ya kumfanya awafumbe watoto macho. Bango lako halimjibu hata moja kati ya hayo, kwa hiyo anajijibu mwenyewe, na mtu anayejijibu mwenyewe kuhusu mahali asipopajua husema "siku nyingine". Wewe unatangaza filamu, ilhali watu wa mji huu wananunua jioni yao, na filamu ni sehemu moja tu ya jioni hiyo.

Mjomba wako mpe heshima yake, kwa kuwa deni ni deni, lakini hoja yake ina kasoro. Ni kweli kwamba majumba mengi ya sinema nchini yalifungwa au kugeuzwa maduka, maghala na kumbi za ibada, kwanza video zilipoingia majumbani katika miaka ya 1980, kisha runinga ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994. Hata hivyo, muulize mtu wa rika lake anayeikumbuka sinema ya magari ya Dar es Salaam, ile iliyofunguliwa mwaka 1966 mahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani, akwambie alichokwenda kufanya pale. Atakutajia chakula kilichobebwa kutoka nyumbani, binamu waliojazana nyuma ya gari, na usingizi wa watoto wakati wa kurudi, kabla hajalikumbuka jina la filamu hata moja. Mimi mwenyewe niliingia sinema kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970, nikiwa nimeifunga tiketi kwenye pindo la kanga nisiipoteze. Kisa cha filamu kimeniponyoka kabisa. Ninachokumbuka ni kwamba shangazi yangu alilia hadi akaazima kitambaa cha mama wa kiti cha jirani, ambaye hakuwa akimjua, na kwamba walitoka nje wakiwa marafiki. Simu na bando haviwezi kumpa mtu jirani wa kulia naye, na hicho ndicho unachokiuza.

Sasa tuzungumzie saa, maana hapa ndipo fedha yako inapovuja. Onyesho la saa 1:00 usiku limewekwa mahali pabaya kuliko pote katika siku ya mtu wa mwambao. Magharibi imekwisha punde tu, isha bado, chakula cha usiku kiko jikoni, na mwenye duka Ngamiani ndiyo kwanza anashusha mlango. Anayetaka kuswali isha kwa jamaa hawezi kuja, na anayekula na familia yake hawezi kuja, kwa hiyo wanabaki vijana wasio na wa kuwauliza, ambao ndio hao wenye flashi zilizojaa filamu za kutafsiriwa. Lisogeze onyesho hilo hadi saa 2:15 usiku, liwe na watu waliokwisha kuswali na kula, na ulifute kabisa lile la saa 3:30, kwa sababu linakula mafuta ya jenereta na kumchosha kijana wa projekta kwa ajili ya watu ambao wangekuja saa 2:15 bila kulalamika.

Kisha anzisha onyesho la alasiri, ambalo kwa maoni yangu ndilo litakalolipa deni la mjomba. Lianze saa 10:15, baada ya swala ya alasiri, na uchague filamu isiyozidi dakika 100, ili mlango wa kutokea ufunguliwe saa 11:55 na kila mtu awe njiani kabla ya adhana ya magharibi. Jumapili weka jingine saa 8:00 mchana kwa familia zinazotoka kanisani na kula mapema. Filamu ndefu za Kihindi, ambazo hukaribia saa tatu, usizilazimishe kuingia alasiri, bali ziache Jumamosi usiku, na uweke mapumziko katikati kama zilivyokusudiwa, kwa maana mapumziko ndiyo wakati bisi inaponunuliwa.

Siku moja kati ya hizo alasiri, tuseme Jumatano, iwe ya wanawake peke yao. Hili si jambo nililolitunga mimi. Katika miji ya mwambao, Unguja ikiwa mojawapo, majumba ya sinema yalikuwa na maonyesho ya wanawake tu, na mama ambaye asingethubutu kuonekana kwenye foleni ya usiku alikwenda huko na mashoga zake bila neno la mtu. Ukilifanya, lifanye kikamilifu. Anayekata tiketi awe mwanamke, mlinzi wa mlango wa ndani awe mwanamke, na kijana wa projekta abaki chumbani kwake. Mkiwa na mwanamume hata mmoja anayezungukazunguka ukumbini na tochi kwa kisingizio cha kuangalia nyaya, habari itafika Mikanjuni kabla filamu haijaisha, na wiki inayofuata utakuwa na viti vitupu ambavyo hakuna gari la matangazo litakalovijaza.

Kwa siku hiyo ya Jumatano nina jambo jingine la kukupa, na nakiri kwamba nililifurahia sana nilipolisoma. Marekani, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, majumba ya sinema yalipoona viti vinabaki vitupu siku za katikati ya wiki, yalianza kuwagawia akina mama vyombo, chombo kimoja kwa kila tiketi. Wiki hii kikombe, wiki ijayo kisahani chake, wiki inayofuata bakuli. Seti haikamiliki kwa siku moja, kwa hiyo mama aliyepata kikombe alilazimika kurudi kufuata kisahani, na aliyefikisha vyombo vitano hakuwa tayari kulala nyumbani wiki ya sita kwa sababu ya mvua. Mwanangu, kama kuna mji ambao mpango huo ungeeleweka bila maelezo ni wetu, ambapo kabati la vyombo vya wageni ni fahari ya nyumba na kikombe kimoja kikivunjika mtu huzunguka maduka yote kutafuta mwenzake.

Fanya hesabu kabla hujanunua. Tuseme tiketi ya Jumatano ni shilingi 4,000, msambazaji anachukua nusu, na kikombe ukikinunua kwa katoni kinakugharimu shilingi 1,000. Mkononi mwako inabaki shilingi 1,000 kwa kila mama, pamoja na faida ya bisi na soda. Hicho ni kidogo, lakini kinatoka kwenye kiti ambacho leo hakikuletei chochote, na mama huyo ndiye anayeamua Jumamosi watoto waende wapi. Chagua seti yenye vipande 12, yaani vikombe 6 na visahani 6, ukubaliane na mwenye duka kwamba mchoro hautabadilika katikati ya safari, kwa kuwa ukibadilisha ua la buluu ukaleta la kijani wiki ya tisa, utajuta. Jambo moja la kuchunga ni kwamba kila anayelipa apate chombo chake. Ukianza kuchezesha bahati nasibu, kwamba namba fulani ya tiketi inashinda friji, umeingia kwenye eneo la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, nako kunahitaji kibali.

Wanawake hao tayari wamejipanga kwa vikundi, na wewe huna haja ya kuwatafuta mmoja mmoja. Kila mtaa una vikoba, una upatu, una kikundi cha kufa na kuzikana. Nenda, au afadhali mtume dada wa tiketi, siku ya kikao chao, aongee na mwekahazina kwa dakika tano tu, na awape bei ya kikundi, kwamba wakilipia 10, wa 11 anaingia bure. Mwekahazina wa vikoba anajua kukusanya fedha kuliko wewe, na akishaandika jina la mtu kwenye daftari lake, mtu huyo atakuja.

Kuhusu bei, mdogo wako amekosea, ingawa kosa lake lina chembe ya ukweli. Watu 23 kwa shilingi 7,000 ni shilingi 161,000. Kwa shilingi 2,000 utahitaji watu 81 ili ufike hapo hapo, na watu 81 watatumia choo, umeme na ufagio zaidi ya watu 23. Isitoshe, soma mkataba wako wa filamu kabla hujagusa bei, kwa sababu wasambazaji wengi huweka kiwango cha chini cha tiketi au kiasi cha chini ambacho ni lazima kilipwe hata ukumbi ukiwa mtupu. Kuna na hili la heshima ya bidhaa: ukishawazoesha watu shilingi 2,000 Ijumaa usiku, siku utakayorudi 7,000 watasema umewaibia 5,000.

Chembe ya ukweli ni kwamba kiti kitupu cha Jumanne hakiwezi kuuzwa Jumatano, tofauti na gunia la mchele ambalo lisipotoka leo litatoka kesho. Kwa hiyo bei itofautiane kwa siku na saa, isishuke kwa jumla. Ijumaa na Jumamosi usiku zibaki shilingi 7,000. Alasiri iwe 4,000. Jumanne iwe 3,000, na iwe hivyo kila Jumanne bila kukosa, ili mwanafunzi wa chuo na fundi wa gereji waijue kama wanavyoijua siku ya mnada. Weka pia tiketi ya familia, mzazi mmoja na watoto watatu kwa shilingi 12,000, maana hakuna mtoto wa Tanga anayetoka peke yake bila ndugu zake kulia mlangoni.

Mpira uache. King'amuzi cha nyumbani kimelipiwa kwa matumizi ya nyumbani, na kuonyesha mechi hadharani kwa kiingilio bila ridhaa ya mwenye haki ya matangazo ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wewe uliyejisumbua kupata filamu kwa mkataba utakuwa umeiweka rehani sifa yako yote kwa dakika 90. Hata pasingekuwa na sheria, kibanda umiza kinachukua shilingi chache, hakina kiyoyozi cha kulipia, na mshabiki wa Simba aliyefungwa na Yanga dakika ya mwisho haketi kwenye kiti cha kukunja bali hukisimamia. Siku ya mechi kubwa punguza onyesho la usiku na uipe nguvu alasiri.

Mpira unaweza kukusaidia kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa Blackburn, Uingereza, walikuwapo wapiga picha wawili, Sagar Mitchell na James Kenyon, ambao walisimamisha kamera mbele ya lango la kiwanda wakati wafanyakazi wanatoka, kisha picha hizo zikaonyeshwa kwa wafanyakazi hao hao. Watu walilipa ili wajione. Tamaa hiyo haijaisha, na kwetu imezidi. Mwombe kijana mwenye kamera nzuri arekodi dakika tatu tu kila wiki: mashabiki wa Coastal Union wakitoka Mkwakwani, samaki wakipakuliwa alfajiri, mashindano ya kaswida ya madrasa, mahafali ya shule. Ziweke kabla ya filamu kubwa, kila wiki mahali pengine, na utangaze ni mtaa gani umepigwa. Omba idhini ya wahusika kwanza, na kwa watoto idhini ya wazazi. Mtu aliyesikia kwamba mwanawe ataonekana kwenye kitambaa kikubwa hataulizia filamu gani inafuata. Kwa njia hiyo hiyo, kama wapo vijana wa hapa wanaotengeneza filamu zao, wape usiku mmoja wa mwezi kwa mkataba wa maandishi, mkigawana kiingilio, kwa sharti kwamba filamu imepitia Bodi ya Filamu na ina daraja lake la umri. Kila mwigizaji ataleta ukoo mzima, na nusu ya ukoo huo haijawahi kukanyaga ukumbini kwako.

Ramadhani usishindane nayo. Funga onyesho la alasiri, rekebisha viti na paka rangi, ukitaka onyesha kwa wachache baada ya tarawehe, lakini nguvu zako zote ziweke kwenye Idd. Watoto wa Tanga siku hiyo wana nguo mpya na fedha ya Idd mkononi, na fedha hiyo haipendi kulala. Panga maonyesho manne kwa siku ya filamu za watoto, fupi, kwa muda wa siku tatu, uwe na chenji ya kutosha ya mia tano mia tano, na uwe na watu wazima wawili wa kusimamia foleni. Kwenye bango andika "Idd Mosi" na "Idd Pili", usiandike tarehe, kwa sababu mwezi unaweza kuandama usiku ambao hukuutarajia ukabaki na mabango 200 ya uongo.

Usafiri. Umebandika mabango hadi Kange, lakini hukusema kama umewahi kuzungumza na dereva hata mmoja wa bajaji. Chagua madereva 10 wanaoegesha karibu nawe, wape ratiba ya saa za kutoka, na uwape tiketi mbili za bure kila mwezi wawapeleke wake zao. Watajipanga mlangoni saa 11:55 kwa sababu kuna abiria wa uhakika, mama atatoka akute usafiri, na dereva atakutangaza kwa kila abiria kwa bei ambayo gari la matangazo halikuiweza. Na kwa kuwa huu ni mji wa baiskeli, tenga sehemu ya kuziegesha yenye mlinzi na kivuli, kisha uitaje kwenye bango. Mtu haangalii filamu kwa utulivu akiwa na wasiwasi wa baiskeli yake.

Shule nazo ni wateja wa asubuhi. Andika barua kwa walimu wakuu wiki ya pili ya muhula, toa bei ya kundi, walimu waingie bure, na utaje daraja la umri wa filamu. Zaidi ya hapo ni subira.

Kuhusu vitafunwa, sina ugomvi na bisi, ila usiifanye kuwa peke yake. Kata mkataba na mama anayepika sambusa nzuri, uongeze kashata, karanga na juisi ya ukwaju yenye barafu. Ubuyu usiuruhusu ndani hata kwa maombi. Rangi yake haitoki kwenye vitambaa vya viti, na kokwa zake utaziokota chini ya safu ya nne hadi mwakani.

Yule kijana wa ndoo ya bisi usimlipe tena. Wafuasi wake wengi huenda wako Dar es Salaam na Mwanza, na "hongera sana" ya mtu wa Mwanza haikati tiketi Ngamiani. Badala ya kuweka picha kila siku, tuma ujumbe mmoja wa WhatsApp kila Alhamisi asubuhi, wenye ratiba ya wiki, saa ya kuanza, saa ya kutoka, bei na lipa namba ya kulipia mapema. Namba za watu zichukue kwa ridhaa yao dirishani, kwa kuandika wenyewe, na anayetaka kuondolewa aondolewe siku hiyo hiyo, kwani tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, orodha ya namba za simu si mali ya kuchezea.

Ili ujue kipi kati ya haya kinafanya kazi, nunua daftari la mistari la kurasa 100 uliweke dirishani. Kwa wiki nne, dada wa tiketi amuulize kila mteja mambo matatu, kwa tabasamu na bila kuchelewesha foleni: umetoka mtaa gani, umekuja na nani, na umesikia wapi. Aandike kwa kifupi. Kama ukurasa mzima wa Jumatano unasema "jirani", acha kuchapisha mabango kwa ajili ya Jumatano na uongeze vikombe. Kama hakuna hata mmoja aliyesikia kwenye gari la matangazo, basi fedha ya siku tatu za gari hilo mpelekee mjomba, na daftari umwonyeshe.

Bango la wiki ijayo lianze upya. Mwenye bastola mweke kwenye kona, apate robo ya nafasi. Rangi ya nyuma iwe nyeupe, maandishi meusi, na maneno yawe haya: "Jumatano, wanawake peke yao. Tunaanza saa 10:15, tunatoka saa 11:55, kabla ya magharibi. Shilingi 4,000 pamoja na kikombe. Wiki ijayo kisahani chake. Bajaji zipo mlangoni." Chapisha 30 tu badala ya 200, na uyabandike kwenye saluni, kwa mafundi cherehani, kwenye mashine za kusaga na kwenye kliniki ya watoto ukiruhusiwa, mahali ambapo mwanamke husubiri akiwa ameketi na ana muda wa kusoma hadi mstari wa mwisho.